Kadi ya Mlango

Wako watu wakiudhiwa hupiga kelele mpaka jirani wa tatu akatoka na taulo kiunoni kuuliza kuna nini. Wako wanaonuna wiki nzima. Mama Kadi yeye hupika. Ukimkuta jikoni anakata kitunguu taratibu, vipande vyote sawasawa, huku anatabasamu peke yake, jua kuna mtu ameshamkosea na mtu huyo bado hajijui.

Jina hilo la Mama Kadi alipewa na majirani, na halikutokana na mtoto. Alikuwa akitengeneza kadi za mkono nyumbani kwake, ghorofa ya pili, kwenye meza ile ile ya kulia: kadi za pongezi, za pole, za maharusi, za kumtakia mgonjwa afya. "Huyu kazaa kadi," walimtania, naye akacheka nao, jina likaganda. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, asiyetaka ugomvi hata wa paka. Meza ikishajaa karatasi za manila, mikasi, rula na vile vitabu vizito vya kukandamizia, mume na mke walikula sahani zikiwa mapajani, na hakuna aliyelalamika.

Ndiyo maana chakula cha jioni katika nyumba ile kilikuwa chepesi. Tambi na nyanya. Wali na yai la kukaanga juu yake. Viazi vya kuchemsha vilivyopondwa na vitunguu. Dengu za sufuria moja, zinazojipika zenyewe ukizipa nafasi. Si kwamba Mama Kadi alikuwa mvivu. Alikuwa na haraka zake. Chakula kikishapakuliwa, sufuria ndogo ilioshwa ikarudi jikoni, safari hii kupika gundi. Gundi ya chupa aliikataa, maana ikikauka huikunja karatasi, kadi ikapinda mgongo. Yake ilikuwa ya unga wa ngano na maji, moto mdogo, mwiko usipumzike, na mwishoni siki kidogo na karafuu alizozitwanga mwenyewe. Siki huzuia ukungu, karafuu hufukuza wadudu. Hayo alifundishwa na marehemu mama yake. Hakuwahi kumwambia mtu, na wala hakuficha; ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa tuje kwa wifi yake.

Dada wa mumewe alikaa juu yao, ghorofa ya tatu, peke yake. Alikuwa mpokea wageni katika ofisi moja yenye zulia, na kwa jinsi alivyopenda mikufu, kucha za rangi na vibanio vya nywele vinavyometameta, wote walimwita Madoido, hata kaka yake. Madoido alijua kupika maji tu, nayo aliwahi kuyaunguza. Jikoni kwake kulikuwa na makaratasi ya chipsi, makopo ya soda na mende wenye vyeo. Kwa hiyo kila jioni alishuka ngazi, akaingia bila kubisha, akasema "Wifi, leo tunakula nini?" na kuketi kwenye kiti cha kaka yake. Naye Mama Kadi alimpakulia. Tusidanganyane, alimpenda. Wifi wengine huletwa duniani kuchokonoa. Huyu alimchekesha mpaka mwiko unamponyoka.

Ndiyo maana Madoido alipolazwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo, Mama Kadi alikwenda kila siku na dengu kwenye chupa ya chai, zikiwa bado moto. Na ndiyo maana siku moja alikwenda na kadi.

Kadi ile haikuwa kama nyingine. Mbele palikuwa na mlango mdogo wa manila, una bawaba za karatasi na kitasa cha kifungo, unafunguka. Ukiufungua unakuta pazia, na pazia lenyewe lilikuwa kitambaa cha kweli, cha buluu chenye madoa meupe. Hicho kilikuwa kipande cha gauni la mama yake Mama Kadi. Mama alipofariki nguo zake ziligawanywa, yeye akachukua gauni hilo moja. Alilivaa mpaka likachakaa, akalishona foronya, foronya nayo ikachanika, mwisho kikabaki kipande kisichozidi kiganja. Kwa miaka alikificha ndani ya kitabu. Siku ile akakitoa, akakikata, akakibandika nyuma ya mlango, na ndani ya kadi akaandika kwa mkono wake: "Kwetu hakufungwi kwako."

Madoido alisoma, akalia mpaka nesi akaja kuuliza kama dawa ya maumivu imeisha nguvu. Mama Kadi akarudi nyumbani akiwa mwepesi moyoni. Alijua ametoa kitu pekee alichobaki nacho cha mama yake, na hakujuta.

Basi sikiliza malipo yake.

Madoido alipona, akarudi kazini, akaendelea kushuka kula. Miezi ikapita. Siku moja Mama Kadi akaishiwa manila, akaenda kwa Miwani. Miwani alikuwa mwenye duka la vitabu na zawadi pale barabarani, mzee anayevaa miwani juu ya kipara na kuitafuta mchana kutwa. Huko nyuma Mama Kadi aliwahi kumpelekea kadi zake aziuze. Miwani akazigeuza geuza, akasema, "Nzuri, mama, lakini ni za nyumbani nyumbani." Mama Kadi akazibeba akarudi nazo.

Sasa anafika dukani na kwenye kabati la kioo imepangwa milango. Milango midogo ya manila, myekundu, ya kijani, ya njano, kila mmoja na kitasa chake cha kifungo. Na juu kabisa, peke yake, ule wa kwanza.

"Hizi za nani?" akauliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Za binti mmoja, wanamwita Madoido," Miwani akasema kwa fahari. "Ana kipaji yule, mama. Watu wanazigombania. Ile ya juu ndiyo aliyoniletea kwanza. Ile siuzi, ni sampuli, wateja wanaagiza kwa kuiangalia."

"Naomba niishike."

"Polepole basi. Kila mteja anataka kuufungua mlango, kitambaa kimeanza kubanduka."

Akaishika. Akaufungua. Pazia la buluu lilikuwa limelegea upande mmoja na limeshika uchafu wa vidole vya watu asiowajua. Akafungua ndani kutafuta maandishi yake. Palikuwa pamebandikwa karatasi nyeupe juu yake, safi, hakuna neno.

Utasema, kwa nini hakupayuka pale pale? Angesema nini? Kwamba mlango ni wake? Miwani angemtazama kama mke wa kaka mwenye kijicho, anayemwonea wifi aliyetoka kitandani juzi. Mama Kadi akairudisha kadi, akanunua manila, akashukuru. Nyumbani akachukua kisu na vitunguu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mumewe jioni hiyo, kabla Madoido hajashuka, akamweleza yote. Fundi wa friji akakuna kichwa, akatazama sakafu, kisha friji yao, kama vile hiyo ndiyo ingempa jibu.

"Mke wangu, huyo ni dada yangu, sina mwingine. Kadi ni karatasi tu. Yasije yakatufikisha pabaya."

"Karatasi tu?"

"Unajua ninavyomaanisha."

"Najua," akasema Mama Kadi. "Kata mkate."

Lakini moyoni bado alikuwa mtu wa haki. Akajiambia: nitampa nafasi moja. Mlango auze, apate sifa, na azipambe kucha zake. Mimi nataka kitambaa cha mama yangu tu. Akisema, "Nimekosa, wifi, hiki hapa," yameisha.

Madoido akashuka, akaketi kwenye kiti cha kaka yake, akapewa tambi.

"Wifi," Mama Kadi akaanza, kama anayeulizia hali ya hewa, "ile kadi niliyokuletea hospitali, bado unayo?"

Uma wa Madoido ukazungusha tambi, ukazungusha, ukazungusha. "Ile? Wifi yangu we, ilipotea pale pale wodini. Sijui ni wale wafagiaji. Nililia siku hiyo, hujui tu."

"Pole."

"Asante, wifi. Tambi zimebaki?"

Mama Kadi akamwongezea, tena kwa mwiko mkubwa. Mumewe alimwona akitabasamu, akadhani yamekwisha. Masikini, miaka yote ile ya ndoa na bado hajui mkewe anapotabasamu kuna nini.

Tangu siku hiyo Mama Kadi hakulala na kisasi, alikaa nacho, akakilisha, akakiogesha. Shukrani ya punda ni mateke, haya, lakini punda naye ana mguu wa kufungwa kamba. Alifikiria kuzichana kadi dukani. Alifikiria kumwekea wifi pilipili kwenye viazi. Yote akayaona ya kitoto. Alitaka kitu kitakachomwaibisha Madoido mbele za watu, kwenye kadi zile zile, huku mikono yake yeye ikiwa safi. Na hakujua atakipata wapi, mpaka Madoido mwenyewe alipomletea mlangoni.

Ilikuwa jioni ya wali na mayai. Madoido alikula kwa kuzubaa, akasukuma sahani, akajipaka unyenyekevu usoni.

"Wifi, nina rafiki yangu."

"Ehe."

"Anatengeneza tengeneza kadi, kama wewe. Sasa amepata oda kubwa, ya chuo cha wauguzi. Wahitimu wote wapewe kadi siku ya mahafali, ukumbini. Tatizo kadi zake zinapinda. Anatumia gundi ya chupa. Nikamwambia wifi yangu za kwake zimenyooka kama rula. Naomba unifundishe gundi yako, nikamfundishe."

Rafiki yangu, eti. Mama Kadi aliutazama ushanga wa rangi uliokuwa kwenye bangili ya wifi yake ukicheza cheza, na ghafla akaona kila kitu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyewashiwa taa.

"Kwa nini nisikufundishe?" akasema. "Inuka uje jikoni."

Akaosha sufuria ndogo, akatia unga, akatia maji. Akamwonyesha namna ya kukoroga ili yasitokee mabonge. Alimshika mkono kabisa, mkono wake juu ya mkono wa Madoido, wakaukoroga mwiko pamoja, duara taratibu, mpaka uji ukawa mzito na kung'aa.

"Sasa siri yenyewe," Mama Kadi akasema, akafungua kopo la sukari. "Sukari. Usiogope, vijiko vizuri vilivyojaa. Ndiyo inayoshika, ndiyo inayoleta ule mng'ao."

"Sukari, wifi? Hata nisingewaza."

"Ndiyo maana inaitwa siri."

Madoido akanusa hewa. "Mbona kwako siku zote kunanukia karafuu?"

"Chai," Mama Kadi akasema. "Kaka yako anaipenda ya karafuu."

Kaka yake, aliyekuwa sebuleni na sahani pajani, hakuwahi kunywa chai ya karafuu maishani mwake. Akamtazama mkewe kupitia mlango wa jiko, akafungua mdomo, akaona bora aujaze wali.

"Na la mwisho," Mama Kadi akasema, na hili lilikuwa kweli tupu, kila fundi wa kadi za mlango angekuambia hivyo. "Kadi zikishabandikwa, rafiki yako azifunge, azipange kwenye boksi, aweke vitabu vizito juu, azilaze mpaka siku yenyewe. Asizifungue. Mlango ukifunguliwa kabla haujazoea, bawaba inakatika."

"Asizifungue," Madoido akarudia, kama mtoto anayekariri. Akasimama pale jikoni na mwiko mkononi, akamtazama wifi yake kwa jicho ambalo Mama Kadi hakulielewa wala hakujisumbua kulielewa. "Wifi, wewe ni mtu mwema sana."

"Nenda kalale," Mama Kadi akasema.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikula vizuri ajabu. Mama Kadi aliongeza jibini kwenye tambi, akaongeza mboga za majani kwenye dengu, akaimba jikoni. Fundi wa friji akanenepa kidogo na kumshukuru Mungu kwamba wanawake wake wawili wamepatana. Na kila jioni, dari ilipotoa vishindo vya Madoido akiburuta boksi huko juu, Mama Kadi aliinua macho akawawaza mende wa jikoni kule, wale wenye vyeo, na sisimizi waliopanga foleni yao ukutani tangu enzi. Aliwaza uji mtamu uliokauka katikati ya karatasi, umefungwa gizani, haujafunguliwa na mtu. Alijisikia kama aliyeacha sufuria ya dengu kwenye moto mdogo. Huna haja ya kufunua. Harufu itakuambia.

Jioni moja Madoido alishuka, akabisha. Hakuwa na kawaida ya kubisha. Hakuuliza tunakula nini.

"Wifi, yule rafiki," akasema, "ni mimi. Zile kadi za chuo ni zangu."

"Kumbe."

"Keshokutwa ndiyo mahafali. Nataka uje. Nimekuwekea kiti mbele kabisa. Tafadhali, wifi, usiniangushe, lazima uwe mbele, nikuone."

Mama Kadi akawaza: Yaani mwizi amechinja kuku wangu, halafu ananialika niketi meza kuu nimtazame akila paja. Hapo kama kulikuwa na huruma iliyobaki chini ya sufuria, iliungua.

"Nitakuja," akasema. "Kadi umezilaza vizuri?"

"Zimelala kama ulivyosema. Sijafungua hata moja."

"Usifungue."

Siku ya mahafali Mama Kadi alivaa gauni lake la kutokea na viatu vinavyobana. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi na maua ya plastiki. Wahitimu walikaa safu kwa safu, wamevaa sare nyeupe pe, zimepigwa pasi mpaka zinasimama. Madoido alikuwa ubavuni mwa jukwaa karibu na Miwani, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuvaa bangili hata moja. Alimtafuta Mama Kadi kwa macho, akampata pale mbele, akatabasamu tabasamu la woga. Mama Kadi akamrudishia tabasamu pana.

Kadi zilitolewa kwenye maboksi zikiwa zimefungwa, kila mhitimu yake, na moja kubwa kwa mkuu wa chuo, mama mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Wanangu," mkuu wa chuo akasema kwenye kipaza sauti, "kadi hizi zimetengenezwa kwa mkono, na muda si mrefu nitamwita aliyezibuni mumwone. Lakini kwanza, sote kwa pamoja, tufungue mlango tunaoingilia kazini."

Milango ikafunguliwa.

Msichana mmoja wa safu ya pili akaipeperusha kadi yake kama iliyoshika moto. Sisimizi walitoka mle ndani bila haraka, wengi, wakapanda vidoleni, wakaingia kwenye mikono ya zile sare nyeupe. Kadi nyingine mlango ulibaki mkononi, bawaba zimetafunwa. Nyingine hazikufunguka, zilipukutika. Kutoka kwenye ile kubwa ya mkuu wa chuo alitoka mende mmoja mnene, akatembea juu ya mkono wake kama mkaguzi, akasimama kwenye saa. Mama wa watu alipiga ukelele kwenye kipaza sauti ambao watu wa mtaa wa pili waliuzungumzia baadaye. Viti vikaanguka. Wauguzi wapya, watu waliofundishwa kutoogopa damu, wakawa wanarukaruka na kujipigapiga magoti.

Mama Kadi alikaa kitini kwake, mkoba pajani, mikono juu ya mkoba. Furaha ilimpanda tumboni ikafika kooni, tamu, ya moto, ikamjaza machozi. Alimwona Miwani akishusha miwani kutoka kiparani, akaivaa, akatazama, akaivua. Akamsikia akimwambia Madoido, "Usikanyage tena dukani kwangu." Akamwona Madoido amesimama na ule mkoba kifuani, uso umekuwa wa majivu, anamtazama yeye. Hakumtazama Miwani wala mkuu wa chuo, yeye tu, kama mtu anayezama anavyotazama ukingo.

Mama Kadi akainua macho akatazama feni ya dari.

Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, na hakusikia kokoto. Aliweka dengu jikoni. Dengu hasa, zile zile za hospitali, kwa sababu alitaka kuzila leo na zishuke vizuri. Alikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya asali. Mumewe alipoingia alikuwa ameshasikia huko njiani, akavua viatu kimya.

"Masikini dada yangu," akasema.

"Ndiyo ukubwa," Mama Kadi akasema. "Njoo ule."

Ndipo mlango ukabishwa.

Madoido aliingia, hana kucha, hana kibanio, macho yamevimba. Hakuketi kwenye kiti cha kaka yake. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akaweka mkoba magotini. Mama Kadi alisimama na mwiko akisubiri. Alikuwa na majibu yote tayari. Akilalamika ana jibu, akishtaki ana jibu, akilia ana jibu tamu kuliko yote: ile kadi yangu je, wafagiaji walishairudisha?

"Sikuja kula," Madoido akasema. "Nimekuja kukupa kitu chako. Nilitaka kukupa pale ukumbini, mbele ya watu, ila ndiyo hivyo ilivyokuwa."

Akatoa bahasha.

"Nilikudanganya, wifi. Haikupotea. Niliipeleka kwa Miwani, nikasema ni yangu, nikafunika na maandishi yako. Sijui nilikuwa na shetani gani. Nilipata sifa, nikashindwa kuziacha." Alikuwa akiongea huku anatazama ile bahasha. "Halafu siku ile ukanifundisha gundi. Ulinishika mkono. Nilijua unajua, wifi, mimi si mjinga. Niliuona uso wako siku ya tambi. Unajua, na bado unanipa siri yako. Nilipanda juu sikulala. Nikasema, mtu huyu hana kinyongo hata chembe, nyoka ni mimi."

Fundi wa friji akavuta kiti, akaketi.

"Kesho yake nikaenda kwa Miwani, nikamwambia ukweli. Mlango ni wa wifi yangu. Aligomba, lakini akanirudishia. Tukapatana na mkuu wa chuo, ukumbini aite jina lako, siyo langu, upande jukwaani. Ndiyo maana nikakuomba ukae mbele. Mimi nilikuwa nikukabidhi hii, niombe radhi watu wanaona." Akafuta pua kwa kiganja. "Kitambaa kilikuwa kimebanduka. Nikasema siwezi kukurudishia hivyo. Nikabandua ile karatasi nyeupe, maandishi yako yakatokea. Nikakipaka kitambaa gundi yako, vizuri, nyuma na mbele ili kisichanike tena, nikafunga mlango, nikailaza kwenye boksi pamoja na zile nyingine. Kama ulivyonifundisha. Sikuifungua mpaka leo hii, niliporudi."

Mama Kadi aliweka mwiko chini. Akaichukua bahasha, akaifungua.

Mlango ulitoka wenyewe ukaangukia sakafuni, na kile kitasa cha kifungo kikabingirika chini ya meza. Nyuma yake palipokuwa pazia palibaki nyuzi. Pindo moja la buluu, na doa moja jeupe lililotafunwa nusu, basi. Kwingine kote ni matundu na vumbi la mende. Alipojaribu kuugusa ule uzi kwa ncha ya kidole ulikatika. Alitafuta harufu ya mama yake, ile iliyodumu miaka yote ndani ya kitabu. Karatasi ilinukia peremende.

Jikoni dengu zilianza kushika chini. Hakuna aliyekwenda kuzitoa motoni.

"Nisamehe, wifi," Madoido akasema. "Nilifuata kila neno lako, sijui nilikosea wapi. Unga ule ule, moto mdogo. Nimewaza njia nzima." Akainua uso, na haukuwa na hila yoyote, ulikuwa uso wa mtu anayetaka kweli kujua. "Labda sukari niliweka kidogo?"

Mumewe akageuka kumtazama mkewe. Mama Kadi alikuwa bado ameshika kadi tupu, tundu la mlango likiwa wazi katikati, na kwa tundu lile aliona magoti ya wifi yake na mkoba mtupu juu yake.

"Hapana," akasema. "Ilitosha."

Akaenda jikoni, akazima moto, akakwangua dengu zilizoungua, akampakulia.